UCHAMBUZI: Nani atalipia miaka ya kusubiri ya chipukizi warefu wa Kisumu?

Mwezi Mei 2025, Serikali ilipovikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma vya Chemelil, Muhoroni, Sony na Nzoia kwa kampuni za kibinafsi kwa kipindi cha miaka 30, mjadala katika ukanda wa ziwa ulijikita katika malimbikizo ya mishahara, madeni ya wakulima wa miwa na hatima ya mashamba. Ilikuwa haki iwe hivyo. Hata hivyo, kuna urithi mwingine wa viwanda hivyo ambao haukupata nafasi ya kutosha katika mjadala huo. Kwa miongo kadhaa vilikuwa walezi wa wanasoka. Kijana aliyemaliza shule akiwa na kipaji bila kazi alipata humo mshahara, chumba cha kulala na, muhimu zaidi, muda.

Thamani ya muda huo haionekani kwa urahisi mahali ambapo haupo tena. Huonekana vyema zaidi mahali ambapo bado unalipiwa, na hakuna mfano ulio wazi kuliko kandanda ya Kiaustralia, mchezo ambao mashabiki wengi wa Gor Mahia hawajawahi kuutazama hata mara moja. Mmoja wa nyota wake, Aliir Aliir, alizaliwa hapa hapa Kenya.

Mchezo wenyewe ni wa ajabu kwa macho ya mgeni. Uwanja una umbo la yai, mpira nao vivyo hivyo, na kila upande huwa na wachezaji 18. Mpira huruhusiwa kupigwa teke, kudakwa na kugongwa kwa ngumi, ila si kurushwa kwa mkono. Mchezo unapoanza, na kila baada ya bao, mpira huwa juu hewani katikati ya uwanja na majitu mawili huruka kuugombea, goti kwa goti, kila mmoja akijaribu kuugusa kwa ncha za vidole ili uwaangukie viungo wa timu yake. Mrukaji huyo Waaustralia humwita rakimani. Yeye ndiye mtu mrefu kuliko wote kikosini, kwa kawaida wa mita mbili au zaidi, na klabu zote 18 za ligi kuu ya AFL humsaka kama lulu.

Lakini rakimani ana kasoro moja ambayo kila kocha wa Melbourne na Perth anaijua: huchelewa kuiva. Kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa mita mbili huwa hajajaa misuli. Akipambanishwa na mtu mzima wa kilo 100 hurushwa kando kama unyasi. Viungo vyake huumia upesi, hajajua wakati wa kuruka, na mara nyingi ni kilele cha miaka ya ishirini na kitu ndicho kinachomfanya awe mchezaji wa kutegemewa. Kwa hiyo klabu inayomtaka rakimani hulazimika kumnunua kabla hajawa na faida, kisha imlipe, imlishe, imtibu na kumsubiri.

Tazama jinsi kusubiri huko kulivyokwenda. Majak Daw alizaliwa Khartoum mwaka 1991, familia yake ikakimbilia Misri na hatimaye ikahamia Melbourne mwaka 2003. Mwishoni mwa 2009 klabu ya North Melbourne ilimteua katika orodha ya wanagenzi, akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kuteuliwa na klabu ya AFL. Hakucheza mechi yoyote ya ligi kuu mwaka 2010, wala 2011, wala 2012. Alipelekwa Werribee, timu ya daraja la chini, ajifunze kuruka na kushuka. Mnamo 2011, akiwa huko, alitukanwa kwa rangi yake na mashabiki uwanjani Port Melbourne. Mechi yake ya kwanza ya AFL ilikuja Aprili 2013 dhidi ya Brisbane Lions, na teke lake la kwanza likawa bao. Magazeti ya Australia yaliliandika bao hilo kana kwamba ni ngano. Kilichoandikwa kwa uchache ni kwamba lilikuwa limegharimiwa kwa zaidi ya miaka mitatu ya malipo bila mechi.

Aliir Aliir naye alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, miaka miwili tu baada ya kambi hiyo kuanzishwa. Alihamia Australia na mamaye na nduguze akiwa bado mtoto, akakulia Brisbane kisha Perth, na akachezea East Fremantle. Sydney Swans ilimteua mwaka 2013 akiwa chaguo la 44, nafasi ambayo haileti vigelegele. Alisubiri hadi 2016 kucheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Mwaka huo huo aling'ara kiasi cha kuisaidia timu kufika fainali, akaumia goti katika mechi ya kuwania tiketi ya fainali dhidi ya Geelong, na akaitazama fainali yenyewe kutoka kando huku wenzake wakishindwa na Western Bulldogs. Mwaka uliofuata alicheza mechi chache mno. Nafasi yake hasa ni ya ulinzi, ingawa kimo na mruko wake vimewahi kumfanya aazimwe katikati kurukia mpira. Alipohamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020 alikuwa na miaka 26. Mwaka 2021 aliteuliwa katika Kikosi Bora cha Australia. Ni takriban miaka minane tangu siku aliyoteuliwa.

Wa tatu ndiye anayekaribia zaidi kazi ya rakimani. Mabior Chol, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Brisbane, aliingia Richmond kupitia orodha ya wanagenzi, akacheza mara ya kwanza Agosti 2016, na kwa misimu sita akawa mtu wa akiba: mara mshambuliaji, mara msaidizi wa mrukaji mkuu. Katika kipindi hicho Richmond ilitwaa ubingwa mara tatu, 2017, 2019 na 2020, na hakushiriki fainali hata moja kati ya hizo. Katika nchi nyingi, mchezaji wa namna hiyo angekuwa ameshasahauliwa. Chol alihamia Gold Coast, akafunga mabao 44 katika msimu wa 2022, kisha akachukuliwa na Hawthorn.

Huenda msomaji akadhani kwamba huu ni ukarimu maalumu kwa wakimbizi. Sivyo. Jim Stynes, kijana wa Dublin aliyezoea kandanda ya Kiairishi, alipelekwa Melbourne mwaka 1984 akiwa na miaka 18, akaanza kucheza ligi kuu 1987. Mwaka huo huo alifanya kosa katika dakika ya mwisho ya mechi iliyoinyima timu yake fainali, kosa ambalo Waaustralia wa rika fulani wanalikumbuka hadi leo. Klabu haikumfukuza. Mwaka 1991 alitwaa nishani ya Brownlow, tuzo kuu ya mchezaji bora wa ligi, na kabla ya kustaafu alikuwa amecheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Mike Pyke alikuwa mchezaji wa raga wa timu ya taifa ya Kanada, hata akacheza Kombe la Dunia la 2007, kabla ya Sydney kumfanya rakimani. Alianza 2009 akichekwa kwa namna alivyoupiga mpira, na 2012 akawa bingwa. Mason Cox, Mmarekani wa sentimita 211 aliyecheza mpira wa vikapu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma State, alisajiliwa na Collingwood mwaka 2014, akasubiri hadi Aprili 2016, na akavishwa medali ya ubingwa mwaka 2023.

Baadhi yao waliingia kupitia milango iliyowekwa makusudi. AFL ina kanuni inayoziruhusu klabu kuwasajili wanagenzi nje ya kikosi cha kawaida, na sehemu ya kanuni hiyo imetengewa wageni na wanamichezo waliotoka katika michezo mingine. Mwanagenzi hulipwa pungufu, kandarasi yake ni fupi, na wengi wao huachwa bila kucheza hata mechi moja. Si pepo. Klabu hucheza bahati nasibu kwa hesabu: ikilisha wanagenzi kadhaa na mmoja akawa Aliir, gharama imerudi. Na fedha za kufanya hivyo zipo, kwani mkataba wa matangazo ya televisheni uliotangazwa Septemba 2022 una thamani ya dola za Australia bilioni 4.5 kwa misimu saba, kuanzia 2025 hadi 2031.

Hapa pana hatari ya kupotoka. Kila mara mtoto wa Sudan Kusini anapofanya vyema Australia, watangazaji hurudia maneno yale yale: mwili wa kuzaliwa, mruko wa asili, kipawa cha damu. Kisumu nako maneno hayo yana wapenzi. Lugha ya Kijaluo ni jamaa ya Kidinka na Kinuer, simulizi za kale zinawataja Wajaluo kuwa walitoka Bahr el Ghazal, na haikosi mtu wa kuhitimisha kwamba vijana wa Nyalenda na Manyatta wanahitaji tu kuonekana. Hoja hii hufurahisha masikio, nayo ni dhaifu. Kama kimo kingetosha, Daw asingehitaji miaka mitatu Werribee. Wala Stynes na Cox hawana asili ya mto Nile. Tena masifu hayo yana ubaya wa kuficha jasho, kwa maana anayesifiwa kwa mwili wake huwa hasifiwi kwa kazi yake.

Pia yanaficha gharama. Desemba 2018, Daw aliokolewa majini akiwa na majeraha mabaya ya nyonga baada ya kuanguka kutoka darajani Melbourne, na baadaye alizungumza waziwazi kuhusu msongo wa mawazo uliokuwa ukimwandama. Alirudi kucheza mwaka 2020, akastaafu 2021. Mfumo unaomsubiri kijana pia humbebesha matarajio ya jamii nzima, na wa kwanza hubeba mzigo mzito zaidi. Anayeutaka mfumo kama huo kwa ajili ya watoto wa Kisumu sharti auhesabu na upande huo.

Sasa turudi ziwani. Kijana mrefu wa Kisumu si kwamba hana mahali pa kuanzia. Shule za eneo hili zina mila ya michezo ambayo mikoa mingine inaionea wivu. Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906, ndiko alikosomea Benjamin Ayimba kabla ya kujiunga na Impala ya Nairobi, kuwa nguzo na nahodha wa timu ya taifa ya raga, kucheza raga ya kulipwa Uingereza katika klabu za Pertemps Bees na Cornish Pirates, na kisha kuwa kocha aliyeiongoza Kenya kutwaa taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuirarua Fiji 30-7. Ayimba alifariki Mei 2021 kutokana na malaria, ugonjwa ambao kwa watu wa ziwa hauhitaji maelezo. Raga, mpira wa vikapu, magongo na voliboli, yote huchezwa shuleni kwa ari. Kila mwaka michezo ya shule za sekondari huibua mabingwa na picha za vijana waliobebwa mabegani.

Kisha kidato cha nne kinaisha.

Baada ya hapo kuna njia chache tu, na karibu zote zinaelekea mbali. Jeshi, Polisi na Magereza huajiri wanamichezo. Mamlaka ya Bandari mjini Mombasa ina timu. Mashirika kadhaa ya Nairobi yana timu. Ajira hizo ni za maana na zimewatunza wengi, ila hutafuta mtu aliyekwisha kuiva, anayeweza kucheza Jumamosi ijayo. Chipukizi anayehitaji misimu mitatu ya chakula bora, mazoezi ya nguvu na mechi za daraja la chini hana mlango wa kubisha. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, lakini hawakusema nani atamlisha kabla ya siku ya tuzo.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kiwanda. Kisumu ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Kicomi na timu iliyobeba jina lake. Kiwanda kilipoporomoka katika miaka ya 1990, timu ilikwenda nacho. Chemelil, Muhoroni na Sony zilikuwa na timu zilizofika Ligi Kuu, na viwanja vyake vilijengwa palipokuwa na mashamba ya miwa. Mchezaji aliorodheshwa kama mfanyakazi. Asubuhi alikuwa karakana au ofisini, alasiri uwanjani. Akiumia, palikuwa na zahanati ya kampuni. Akishindwa kupanda kiwango, alibaki na kazi. Hakuna aliyeuita mpango huo orodha ya wanagenzi, lakini ulifanya kazi ile ile, na kwa jambo hilo la mwisho uliushinda ule wa Australia: mwanagenzi wa Melbourne akiachwa huondoka mikono mitupu, ilhali wa Chemelil aliendelea kusaga miwa.

Haifai kuupamba wakati huo kupita kiasi. Viwanda vya umma viliajiri watu kupita mahitaji yake, kisiasa na kiukoo, na timu za soka zilikuwa sehemu ya hesabu hizo zisizojumlishika. Mkulima aliyesubiri malipo ya miwa kwa miezi alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kampuni ilikuwa ikinunua jezi. Miwani na Muhoroni ziliingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo kuanguka kwa timu kulikuwa suala la lini.

Jibu lilikuja kwa mfululizo. Muhoroni Youth ilishuka daraja. Novemba 2019 Sony Sugar ilifukuzwa Ligi Kuu kwa kushindwa kufika uwanjani katika mechi tatu. Chemelil ilimaliza mkiani msimu wa 2019/20 na kushuka. Western Stima ilipoteza udhamini wa Kenya Power mwaka 2020. Kisumu All Stars, iliyoungwa mkono na serikali ya kaunti na ikapanda Ligi Kuu msimu huo huo wa 2019/20, haikudumu. Ndani ya kipindi kisichozidi miaka minne, ngazi iliyochukua nusu karne kujengwa iling'olewa kidato kwa kidato. Udhamini wa kitaifa nao ulikuwa ukiyeyuka: SuperSport ilijiondoa katika ligi mwaka 2017, na SportPesa, iliyokuwa ikizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, ikaondoka 2019 kufuatia mvutano wake na Serikali kuhusu kodi na leseni.

Pengo hilo halikubaki tupu. Lilijazwa na saruji. Uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo ulifunguliwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021, na tangu Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, mazungumzo ya michezo nchini yamekuwa zaidi ya viti, taa na nyasi. Mamboleo ni uwanja mzuri na Kisumu iliustahili. Lakini uwanja hauhitaji kusubiriwa akue. Unazinduliwa siku moja, kamera zikiwepo. Kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa mita mbili hana cha kuzindua, na mwanasiasa anayemlipia miaka mitatu huenda awe ameshaondoka ofisini siku kijana huyo anapofunga bao la kwanza.

Ndiyo maana ukodishaji wa viwanda vya sukari ni suala la michezo pia. Mikataba ya miaka 30 inatoa nafasi ambayo bajeti za kila mwaka za kaunti haziwezi kuitoa, yaani muda mrefu wenye mwajiri anayejulikana. Kumtaka mwekezaji aihudumie timu ya Ligi Kuu kungekuwa kosa, kwa kuwa hilo ndilo lililozizamisha kampuni za umma. Kumtaka awe na nafasi 15 au 20 za wanagenzi, vijana wanaofanya kazi nusu siku, wanaocheza nusu siku na wanaojifunza ufundi wa kiwandani endapo mpira utawakataa, ni jambo dogo mbele ya hesabu za kiwanda cha sukari. Kaunti za Kisumu na Migori zingeweza kulijadili na kampuni hizo moja kwa moja. Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaotunishwa na kodi za kamari na bahati nasibu, ungeweza kuchangia sehemu ya mishahara, ingawa fedha zake zimezoea kuitwa kwenye matumizi mengine.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kuwapeleka vijana Australia kwenyewe, hasa sasa ambapo majina ya Aliir na Chol yanajulikana. Mawakala wa aina hiyo hawakosekani, na wazazi wa Kondele wana sababu ya kuwaogopa. Nyota wenye asili ya Sudan Kusini hawakupelekwa huko na mawakala wa mpira. Walikwenda na familia zao wakiwa wakimbizi, wakaukuta mchezo katika vitongoji walivyopewa makao, na klabu zikawaona wakiwa tayari ni wanafunzi wa shule za huko. Kilichowafaa kilikuwa karibu na nyumbani kwao, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa mpya.

Mahesabu ya umri ni mafupi. Daw alipoteuliwa mwishoni mwa 2009 alikuwa na miaka 18, umri wa mvulana wa Kisumu anayeketi kufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Daw alipewa hadi Aprili 2013. Mvulana wa Kisumu, michezo ya shule ikishakwisha katikati ya mwaka, huwa amekwisha kucheza mechi yake ya mwisho yenye kocha, marefa na basi la kumrudisha nyumbani.